GT86 kwenye saketi: pedali ya breki inazama mzunguko wa nne. Mafuta ya breki, masta silinda, au breki za kiwandani ni ndogo?

#1 Mwana Kigamboni

Wakuu, habari za humu ndani. Nimekwama, naomba wenye uzoefu wa breki wanisaidie kabla sijatoa hela.

Gari ni Toyota GT86 ya 2014, gia za mkono, injini haijaguswa. Niko Dubai kikazi, na miezi ya baridi huwa naipeleka Dubai Autodrome siku ambazo uwanja unafunguliwa kwa watu wa kawaida. Kwa wasioijua, ile saketi kubwa ina kilomita 5.39 na kuna mnyoofu mrefu mbele ya jukwaa. Ukifika mwisho wake GT86 iko kama 190, na hapo hapo unatakiwa uikamate uingie kona ya kwanza.

Dalili zenyewe: mizunguko miwili ya kwanza breki safi kabisa. Wa tatu naona pedali imeshuka kidogo. Wa nne nikikanyaga mwisho wa mnyoofu inazama karibu hadi kwenye zulia, nikipampu mara ya pili inapanda na gari linapungua. Nikiingia piti nikapumzika inarudi, ila inabaki laini laini. Mjini, kwenda kazini na kurudi, huwezi hata kujua kama kuna tatizo.

Hadi sasa nimeweka pedi za mashindano, mafuta ya breki ya Motul RBF 600, na mipira ya breki ile ya nyuzi za chuma. Kila nikiweka mafuta mapya napata nafuu kidogo, halafu yale yale. Gereji moja ikasema masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) imekufa. Ikabadilishwa, hakuna tofauti. Sasa hao hao wanasema breki za kiwandani ni ndogo, nifunge kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni 6 na diski kubwa. Kwa bei waliyonitajia, huko nyumbani unapata bodaboda mbili mpya na chenji inabaki.

Ni kweli breki za GT86 hazitoshi, au napigwa?

#2 Kisigino

Nimeweka kambi. Mleta mada usikimbie bila mrejesho kama wale wengine.

#3 Mshale Mwekundu

Joto la Dubai hilo mkuu. Magari ya Japani hayakuundwa kwa jua la huko. Enda usiku uone kama tatizo litarudi.

#4 Baba Turbo

Mshale, hilo la jua tuliweke kando mapema. Diski ikishachapwa kwenye saketi inapita nyuzi 500. Hewa ikiwa nyuzi 38 badala ya 25, diski inaona tofauti ndogo mno. Jua linatesa injini, tairi na dereva. Breki zinateswa na mwendo na uzito. Piga hesabu: GT86 na dereva wake ni kama kilo 1,320. Kuitoa 190 hadi 80 kwa saa, breki zinameza karibu megajuli 1.5, nishati ya kuchemsha lita 5 hivi za maji ya bomba, ndani ya sekunde zisizozidi tano. Hiyo ni kona moja, na sehemu kubwa ya joto inabaki kwenye magurudumu mawili ya mbele.

Boss mleta mada, usinunue chochote kwanza. Mimi hushika magari ya autocross (mbio fupi za kushindania muda) hapa Nairobi, na jambo la kwanza ninalomuuliza dereva ni hili: kilichobadilika ni pedali, au ni gari kukataa kusimama? Watu wengi wanasema "breki zilikufa" na ukiwahoji unakuta ni visa viwili tofauti kabisa.

Kama pedali iko juu, ngumu, unakanyaga mpaka paja linauma na gari halipungui, hizo ni pedi. Zimepita joto lake, au ni mpya na hazijachomwa taratibu inavyotakiwa, zimetoa gesi na uso umekuwa kioo. Mafuta hayahusiki hapo, hata uyabadilishe kila wiki.

Kama pedali inashuka na inabonyea mguuni, kuna kitu ndani ya mfumo kinachobanika. Mafuta ya breki hayabaniki, mvuke unabanika. Kwa hiyo mafuta yamechemka mahali fulani, au upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mfumo, haukutolewa vizuri.

Kuna ya tatu inayofanana sana na hiyo ya pili, na ndiyo inayowapoteza mafundi. Pedali inashuka mara ya kwanza, unapampu, inarudi juu ikiwa NGUMU. Hapo mafuta yako mazima, ila pedi zimesukumwa nyuma. Beringi ya gurudumu ina uchezo au diski inayumba. Ukipita kona kali au ukipanda kingo za kona, diski inazipiga pedi, pistoni zinarudi ndani ya kalipa, na mkanyago wa kwanza unaishia kuzirudisha tu.

Na masta silinda ina mtihani wake wa bure. Gari limesimama, injini inawaka, kanyaga pedali kwa nguvu ya wastani uishikilie. Ikizama polepole yenyewe na hakuna mahali panapovuja, ni sili za masta. Ikikaa palepale, iache masta ya watu.

Sasa nijibu. Ikizama, inabonyea au ni ndefu halafu ngumu? Ukiigusa pedali kidogo kwa mguu wa kushoto katikati ya mnyoofu, kabla ya kona, ili pedi zilizorudi nyuma zikae tena kwenye diski, tatizo linaondoka? Fundi alipotoa upepo, vipovu vilitoka gurudumu gani? Na pedi za mbele umezitoa zote nne ukaziangalia kwa macho yako, za ndani na za nje?

#5 Mtu wa Mtwapa

Hiyo ni beringi, sihitaji hata majibu yake. Impreza yangu ilifanya hivyo hivyo, kupampu mara mbili ndio ushike. Nikabadilisha habu (kitovu cha gurudumu, pamoja na beringi yake) ya mbele kulia, kwisha habari.

#6 Baba Turbo

Inaweza kuwa. Lakini Impreza yako ilikuwa na kalipa gani? Zile za dhahabu zilizofungwa moja kwa moja, pistoni pande zote mbili? Hizo zinahisi kila mtikisiko wa diski. GT86 ina kalipa za kuteleza, zinaifuata diski inavyoyumba, kwa hiyo ugonjwa huo kwake si wa kawaida sana. Sisemi haiwezekani. Tumsubiri mwenyewe.

#7 Mwana Kigamboni

Asante sana mkuu Baba Turbo, hii sijawahi kuelezwa hivi.

Inabonyea. Hata ikipanda baada ya kupampu bado nahisi kuna ulaini chini. Hiyo ya mguu wa kushoto nimeijaribu jana, haikusaidia kitu. Mtihani wa masta nimeufanya hapa kwenye maegesho, nimeshikilia hadi mguu ukachoka, haishuki hata kidogo. Nimenyanyua gari kwa jeki nikatikisa magurudumu ya mbele, juu na chini, kushoto na kulia, hakuna uchezo.

Fundi hakumbuki vipovu vilitoka wapi. Pedi za nje nimezichungulia kupitia kwenye rimu, bado nene. Za ndani sijaziona.

#8 Baba Turbo

Basi masta tumeiondoa, na nahofia hata ile ya zamani ilikuwa nzima, kwa sababu hakuna aliyeipima. Beringi nayo iko nje kwa sasa. Samahani Mtwapa.

Mafuta yanachemka. Ila hapo ndipo wengi wanapoishia, wananunua chupa ya bei juu zaidi na safari inaendelea. Angalia namba. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, kwa kiwango cha chini kinachokubalika, huchemka nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hiyo RBF 600 yako ikiwa mpya ni 312. Kama kitu cha nyuzi 312 kinachemka ndani ya mizunguko minne, kwenye gari jepesi namna hii ambalo wenzako wanaliendesha hapo hapo bila shida kubwa, basi kuna gurudumu moja ambalo joto linapita mahali pasipotakiwa. Tulitafute.

Kopa au nunua kile kipimajoto cha bastola, cha mionzi. Ukitoka kwenye mwendo usizunguke taratibu sana safari hii, ingia piti, na mtu awe tayari anakusubiri. Apime kalipa, si diski peke yake, sehemu ile ile kila upande. Namba yenyewe usiiamini sana kwa sababu vitu vimeshaanza kupoa na chuma kinachong'aa kinakidanganya hicho kifaa. Unachotafuta ni tofauti ya kushoto na kulia. Kulia na kushoto zikipishana kwa nyuzi nyingi, umepata mgonjwa. Wenye subira hutumia rangi za joto, unapaka alama pembeni mwa diski: ya kijani inageuka ikifika nyuzi 430, ya machungwa 560, nyekundu 610. Hizo hazisahau hata diski ikipoa.

Halafu utoe upepo mwenyewe, gurudumu moja moja, na mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye chupa safi. Andika kilichotoka kila upande.

Na toa pedi. Zote. Pima kwa vernia (kifaa cha kupimia unene) unene wa kila moja, juu na chini yake.

#9 Sheikh Maikromita

Baba Turbo amesema kweli tupu. Niongeze kidogo kuhusu kunyonya maji. Mafuta ya DOT 3, 4 na 5.1 yana asili ya kuvuta unyevu, na miji ya pwani kama Dubai, Mombasa, Dar, Unguja unyevu uko juu mwaka mzima au sehemu kubwa ya mwaka. Ile chupa uliyofungua ukamimina nusu ukaihifadhi kabatini "ya kuongezea" usiitie tena kwenye gari la saketi. Na msidanganywe na DOT 5 kwa sababu namba ni kubwa. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, wala haifai kwa gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki).

#10 Mwana Kigamboni

MREJESHO.

Mchana wa leo nimefungua magurudumu ya mbele na jamaa yangu mmoja fundi wa viyoyozi, mtu wa Tanga, magari si kazi yake lakini ana vifaa na ana utulivu.

Kushoto: pedi ya ndani mm 8, ya nje mm 8, zimelika sawasawa. Kalipa ukiisukuma kwa mkono inateleza.

Kulia: ya nje mm 8.5. Ya ndani mm 3, na imelika mshazari, juu nene chini nyembamba. Bati la mgongoni limegeuka rangi, lina bluu na zambarau. Zile mpira za vumbi za pistoni zimekauka, moja imepasuka, ukiigusa inamomonyoka. Kalipa haitelezi kabisa. Pini moja ya kutelezea kalipa imetoka kwa kidole, ya pili tumeipiga nyundo ya mpira mpaka majirani wakatoka. Ile mpira iliyo kwenye ncha ya pini imevimba, imejaa kwenye tundu kama kizibo. Grisi iliyokuwemo ni nyeusi, nzito, inanuka kama ya beringi.

Kutoa upepo: kushoto safi. Nyuma zote safi. Kulia mbele vipovu vidogo vidogo mfululizo, na mafuta yametoka na rangi ya chai wakati nimeyaweka mwezi uliopita.

#11 Kisigino

Daaah. Masta silinda ya watu imekufa bure.

#12 Baba Turbo

Umempata. Sasa tueleweshane ni nini kilikuwa kinatokea, maana kuna wengine watapitia hapa.

Kalipa ya mbele ya GT86 ina pistoni mbili, zote upande wa ndani. Pedi ya nje haina pistoni. Inabana kwa sababu pistoni zikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima inateleza kwenye pini na kuivuta ile ya nje. Pini ikikwama, pedi ya ndani ndiyo inabeba karibu kazi yote, na kwa kuwa pini moja inateleza na nyingine haitelezi, kalipa inakaa kiupande. Ndio ule mshazari. Mbaya zaidi, ukiachia pedali haiachii vizuri. Inasugua hata kwenye mnyoofu, pale ambapo breki zingekuwa zinapoa.

Joto la pedi ya ndani linaenda wapi? Nyuma yake kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna mafuta. Pedi iliyobaki mm 3 haizuii kitu. Hapo hata mafuta ya bei gani yatachemka.

Kwa nini mafuta mapya yalikupa nafuu? Kwa sababu ulikuwa unatoa yaliyopikwa na kuweka yenye nyuzi 312 kamili. Yakipikwa nayo, unarudi pale pale. Kwa nini mjini hujui? Kwa sababu mjini hufikishi hata robo ya joto hilo. Na kwa nini gari halikuvuta upande mmoja kwa nguvu? Gurudumu lile bado lilikuwa linabana, tena sana, ila kwa pedi moja. Ukikumbuka vizuri huenda usukani ulikuwa unayumba kidogo ukiingia kona ya kwanza ukadhani ni lami.

Grisi ni kisa chote. Mpira wa kwenye pini ukipakwa grisi ya petroliamu, ile ya beringi, unavimba. Si siku hiyo hiyo, ni taratibu. Aliyeipaka anaweza kuwa mtu wa miaka mitatu iliyopita, hata hatumjui.

Cha kufanya: pini mpya na mpira zake, seti ya mpira na sili za pistoni kwa kalipa zote mbili za mbele (usifanye moja), grisi ya silikoni iliyoandikwa kwamba ni ya pini za kalipa, pedi mpya seti nzima. Pistoni zikague, zikiwa na kutu au mikwaruzo badilisha. Diski ya kulia ipimwe. Kisha mafuta mapya.

Na hao wa pistoni 6, kitu kimoja cha kuchekesha: ungewafuata, tatizo lingeisha. Kalipa mgonjwa ingetoka na wangekuambia "si tulikuambia breki ni ndogo".

#13 Mtu wa Mtwapa

Haya nimekubali haikuwa beringi. Ila wangapi hapa wameshawahi kutoa pedi ya ndani kabla ya kubadilisha kitu?

#14 Bin Matrah

Salaam alaykum. Niko Muscat, nina Nissan 370Z, swali la pembeni kidogo. Yangu pedali nzuri, ila baada ya siku ya mbio usukani unatetemeka nikikanyaga breki kuanzia 120. Naambiwa diski zimepinda. Nimezichonga, zikakaa sawa muda mfupi, zikarudi. Je ninunue mpya?

#15 Sheikh Maikromita

Wa alaykum salaam ami. Diski kupinda kweli kweli ni nadra kuliko watu wanavyosema. Mara nyingi ni pedi imeacha tabaka la nyenzo yake juu ya diski, sehemu nyingine nene, nyingine hakuna. Chukua maikromita, pima unene wa diski sehemu nane kuizunguka, umbali sawa kutoka ukingoni. Tofauti ya milimita 0.02 tu mguu wako unaisikia.

Tabaka hilo huanza vipi? Unatoka kwenye mwendo diski zinawaka, unasimama piti na mguu uko kwenye breki. Pedi inajichapa pale pale iliposimama, unaona hata umbo lake. Basi kila safari zunguka mzunguko mzima wa kupoa bila kugusa breki sana, ukisimama weka gia, weka kabari chini ya tairi, hendibreki iache.

Kuhusu kuchonga na kurudi: sehemu zilizopata joto sana chuma chenyewe kimebadilika kikawa kigumu kama kioo, na ugumu huo unaingia chini. Ukichonga juu unapata uso sawa, lakini baada ya muda sehemu laini inalika na ngumu inabaki imesimama. Hapo nunua mpya tu. Kabla hujaifunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, na nati za tairi zifunge kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), si kwa ile mashine ya upepo. Diski mpya juu ya kutu inayumba siku ya kwanza.

#16 Mshale Mwekundu

Na ile ya pedali kuwa ngumu ghafla kama jiwe na gari linakwenda tu? Ilinikuta kwenye matuta kabla ya kona.

#17 Baba Turbo

Kama ni ghafla, kwenye matuta, na kona inayofuata iko sawa, si pedi. Ni ABS imedhani uko kwenye utelezi. Gurudumu limeruka, limesimama hewani, kompyuta ikapunguza nguvu ya breki. Ukizidi kukanyaga haisaidii. Achia nusu sekunde, kanyaga tena kwa kuongeza nguvu, usipige teke. Na anza kukanyaga kabla au baada ya tuta, si juu yake.

#18 Mwana Kigamboni

Wakuu, mrejesho wa mwisho.

Tumefanya kama alivyosema Baba Turbo, kalipa zote mbili za mbele. Diski ya kulia ilikuwa na nyufa ndogo ndogo za joto, moja imefika ukingoni, kwa hiyo nimebadilisha diski zote mbili. Pedi mpya nimezichoma taratibu kwenye barabara tupu alfajiri: kutoka 100 hadi 30 bila kusimama kabisa, mara kadhaa, kila mara kali kidogo kuliko iliyopita, kisha nikaendesha bila breki mpaka zikapoa.

Jana nimekaa uwanjani kikao kizima cha dakika 20. Pedali imeshuka kidogo sana mwanzoni ikabaki hapo hapo. Kalipa ya kulia na ya kushoto zimepishana nyuzi chache tu. Kitu kingine nilichokiona: pedi za nyuma zimelika kuliko nilivyotarajia.

#19 Baba Turbo

Safi sana. Hizo za nyuma ni mfumo wa kuzuia kuteleza, unagusa breki za nyuma kila gurudumu la nyuma likianza kuteleza kwenye kona. Ama uendeshe kwa utulivu zaidi, ama uongeze pedi za nyuma kwenye bajeti. Kuuzima kabisa uzime siku ukishaijua saketi vizuri na umelipa bima.

#20 Kisigino

Mleta mada umenyoosha, heshima kwako. Mimi nina Toyota Altezza hapa Dar, wikiendi hii nafungua. Grisi ya silikoni Kariakoo naipata?

#21 Sheikh Maikromita

Utapata, ila soma kwenye kopo, usikubali "ni ile ile". Kama muuzaji anakuchotea kwa kijiti kutoka kwenye ndoo, ondoka.

#22 Mwana Kigamboni

Ile masta silinda ya zamani fundi alinirudishia. Nimeipima mezani, haina shida yoyote. Mwenye GT86 au Subaru BRZ (pacha wake) aliyeko huku Dubai na anaihitaji anicheki PM, nampa bure.